Jina lako likikosewa kwenye faili la jeshi, lisahihishe ungali hai

Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Hii naiandikia wazee wenzangu tuliovua gwanda, hasa nyinyi wa upande wa Likoni na Mtongwe hapa Mombasa ambako ukitupa jiwe linamwangukia mzee aliyewahi kuvaa buti, na naiandikia pia wake zetu na watoto wetu maana wao ndio wanaokuja kuhangaika na makaratasi sisi tukishalala.

Mimi kwa kipande, yaani kitambulisho, ni Khamis Omar. Kwa faili la jeshi nilikuwa Hamisi Omari. Ukiyatamka ni jina lile lile, ukiniita lolote kati ya hayo naitika, lakini kompyuta haina masikio, inaangalia herufi peke yake, na hapo K moja imeanguka na i mbili zimezidi, basi kwake huyo ni mtu mwingine kabisa.

Kosa lilianza siku ile ile ya kuandikwa, mwaka 1979. Tumepangwa foleni uwanjani, jua la saa sita, karani yuko mezani anauliza jina, unajibu, anaandika vile alivyosikia yeye, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kutafuta kazi hathubutu kusema samahani afande, jina langu haliandikwi hivyo. Nikatia sahihi bila kusoma. Kuanzia hapo likanifuata kila karatasi hadi cheti cha kuachishwa, na miaka yote hiyo halikunisumbua kwa sababu jeshini mtu ni namba, ukiitwa namba yako unasema ndio afande na maisha yanaendelea. Shida nikaiona nilipostaafu, nilipoenda benki na karatasi mbili mkononi na yule dada wa kaunta akaweka kidole kwenye cheti, akaweka kingine kwenye kipande, akanitazama, akasema baba hawa ni watu wawili.

Sasa ushauri wa kwanza ambao nilipewa na watu wengi, tena kwa nia nzuri, ni niende nikabadilishe kipande kifanane na faili la jeshi eti ndiyo njia ya mkato. Usifanye hivyo. Kipande kimebeba cheti chako cha ndoa, hati ya shamba, shule za watoto wako, vyeti vyao vya kuzaliwa, kila mahali wewe ni Khamis, ukikibadilisha utakuwa umetibu kidonda kimoja ukafungua kumi. Kosa linasahihishwa pale lilipoanzia.

Tena kuna kubadilisha jina na kuna kusahihisha jina, msichanganye. Ile hati ya kubadilisha jina, inayosajiliwa na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua lingine. Mimi sikuacha jina lolote. Nilichohitaji ni afidaviti, yaani kiapo mbele ya wakili anayeruhusiwa kuapisha, nikieleza kwamba Hamisi Omari mwenye namba fulani ya jeshi na Khamis Omar mwenye kipande namba fulani ni mtu mmoja, na kosa liliingia vipi. Na kwenye kiapo usiongeze chumvi hata kidogo kwa sababu kuapa uongo ni kesi ya jinai.

Barua yangu ya kwanza ya kuomba jeshi lisahihishe jina ilikuwa kurasa nne. Nilimwaga yote, nilikotumikia, goti langu, wakubwa walionionea, posho ambayo naona sikulipwa, halafu jina nikalitaja ukurasa wa tatu. Sikupata jibu la maana na leo nikiisoma naelewa, mtu aliyeipokea hakujua namuomba nini hasa. Ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Juu kabisa namba ya jeshi, cheo nilichostaafu nacho, kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka. Halafu ombi lenyewe kwa sentensi moja: naomba jina langu kwenye rekodi za utumishi lisomeke KHAMIS OMAR badala ya HAMISI OMARI. Halafu orodha ya viambatisho na sahihi yangu, ile ile niliyokuwa nikitia jeshini, basi. Kama una malalamiko mengine yaandikie barua yake yenyewe.

Kuhusu viambatisho, kitu nilichojifunza ni kwamba karatasi ya zamani ina nguvu kuliko mpya. Kiapo cha juzi ni maneno yako tu, lakini cheti changu cha CPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kilichoandikwa Khamis kabla hata sijaota kuwa askari ndicho kilichobeba kesi. Kwa hivyo pekua masanduku. Cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo kwa ndugu zetu Wakristo, cheti cha ndoa, kipande cha zamani kama bado unacho. Piga fotokopi, zithibitishwe kwa muhuri wa wakili, na orijino usimwachie mtu yeyote hata akiapa kwa mama yake. Makao makuu ya ulinzi ni Ulinzi House kule Nairobi, ukituma tuma kwa rejista na ile risiti uiweke, au peleka mkono kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, bila hiyo huna ushahidi kwamba uliwahi kuomba. Wazee wa chama chetu cha askari wastaafu, DEFOCA, ile tuliyokuwa tukiiita KAFOCA, nao waulizeni, utapata mwenzako aliyeipita njia hii kabla yako.

Na si kuomba fadhila. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri, na baada yake zikaja sheria ya kupata habari ya 2016 na ile ya kulinda data ya 2019 ambazo zote zinagusa jambo hili. Mimi niliitaja Katiba kwa mstari mmoja mwisho wa barua, kwa heshima, bila vitisho. Ukikwama kabisa kuna ofisi ya ombudsman, ile inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, malalamiko ya aina hii ni kazi yake.

Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi kuliko jina, nawaambia mapema. Umri ndio unaoamua mtu anastaafu lini, kwa hivyo yeyote anayeomba miaka ipunguzwe au iongezwe ataangaliwa kwa jicho lingine. Kama huna karatasi ya zamani yenye tarehe ile, kiapo peke yake usikitegemee sana.

Lakini lililonifanya niandike haya si jina langu. Ni la mke. Nendeni mkaangalie mlimwandika nani kwenye sehemu ya mke na jamaa wa karibu. Kumbukeni wakati wetu ule, kipande kilikuwa cha wanaume mpaka sheria ilipobadilishwa 1978 ndipo wanawake wakaanza kupewa, kwa hivyo wengi wetu tulipoandikwa wake zetu hawakuwa na kipande chochote, tukawataja kwa majina tunayowaita nyumbani. Miaka ikapita, mama akapata kipande kwa jina lake la kweli, na sisi hatukurudi kurekebisha.

Jirani yangu mumewe alifariki mwaka jana. Kwenye faili ameandikwa Mwanamkuu, ndivyo mumewe alivyomuita tangu ndoa. Kipande chake kinasema Fatma. Alinijia na mfuko wa plastiki una karatasi zote za marehemu, zimekunjwa kwa kanga, akaniuliza, kaka Khamis, sasa mimi nitawaonyesha nini kwamba nilikuwa mkewe miaka thelathini na nane? Mwenye sahihi hayupo tena wa kusema huyu ndiye. Mimi kwa barua nusu ukurasa nilimaliza, yeye imebidi tuanzie kwa Kadhi kutafuta uthibitisho wa ndoa, kisha mashahidi wawili waliohudhuria nikaha, mmoja tumempata Kwale, mwingine mgonjwa kitandani huko Majengo na kusema kwake ni kwa shida.

Alhamisi tunavuka feri asubuhi, mimi na yeye na kijana wake mkubwa, tukachukue kiapo cha yule mzee wa Majengo nyumbani kwake, wakili amekubali kuja. Nimemwambia Fatma alete picha ya harusi, ile yenye mumewe amevaa sare.