Kinubi chenye leva za F na C pekee? Tuni C meja

Habari ndugu. Umesema kinubi chako cha Kiselti kina leva (vishikio vidogo vinavyopandisha sauti ya uzi nusu toni) kwenye nyuzi za F na C tu, na hujui ukituni kii gani, yaani ngazi gani ya muziki. Mimi ningekituni C meja, leva zote zikiwa zimeshushwa. Pandisha za F, uko G; ongeza za C, uko D. Nyimbo nyingi za dansi za Ireland ziko G na D, kwa hiyo hutakosa cha kupiga kabisa!

Ukitaka F meja, shusha leva zote, kisha legeza kila uzi wa B nusu toni kwa ufunguo wa kutunia. Usikaze uzi kupita sauti yake. Nimeshakata nyuzi mbili hivyo. Leva ikipandisha sauti kupita nusu toni, usiipinde: mwone fundi wa vinubi.