Klachi Nimekanyaga, Trekta Bado Linakwenda

MUULIZE FUNDI

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa Muheza, nina ekari sita za mahindi na mihogo, na nusu ekari ya mchicha na bamia karibu na mto. Mwaka huu nimenunua trekta aina ya Massey Ferguson 135 lililotoka shamba la mkonge. Injini ni nzima, inawaka mara moja. Kwa kuwa nimechoka kumngojea mwenye haro ya kuvunjia mabonge kila msimu, nikanunua na rotaveta mpya, ile mashine ya kulimia kwa visu vinavyozunguka, yenye upana wa mita 1.8. Nimeijaribu siku mbili. Inatoa mabonge matupu, na injini inazama mpaka moshi mweusi. Kilichonitisha zaidi ni mwisho wa shamba: nakanyaga klachi ili nigeuke, na trekta linaendelea mbele kama kuna mtu analisukuma. Dereva wangu anasema giaboksi imekufa. Aliyeniuzia rotaveta anasema trekta ndilo bovu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, asikuguse giaboksi mtu. Gia iliyokufa hulia, husaga, au hujitoa yenyewe ukiwa kazini. Hicho unachokieleza ni kitu kingine kabisa, na nakijua kwa mwili wangu.

Nilipokuwa kijana katika karakana ya shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga, nilipewa Ferguson ya zamani yenye mashine ya kufyekea nyasi nyuma. Nilifika karibu na mfereji, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikasubiri lisimame. Halikusimama. Magurudumu ya mbele yakaingia mferejini na usukani ukanibana mbavu. Nikakatwa mshahara kwa uzembe. Sababu yenyewe niliijua miaka mingi baadaye, siku nilipoifungua klachi ya namna ile kwa mikono yangu.

Hizi 135 zilianza kutengenezwa mwaka 1964, na zote si sawa. Nyingine zina klachi moja, nyingine zina mbili ndani ya nyumba moja. Kwenye klachi mbili, ukikanyaga pedeli nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO, yaani ile ncha inayozunguka nyuma ya trekta na kuendesha mashine, inaendelea kuzunguka. Ukimalizia mpaka chini, na PTO nayo inasimama. Kwenye klachi moja, nguvu ya magurudumu na nguvu ya PTO zinapita mlango mmoja, kwa hiyo ukikanyaga umeitenga injini tu. Visu vilivyokwisha kushika kasi vinarudisha mzunguko kwenye propela, ule mtaimbo wa vipande viwili vinavyoingiliana unaounganisha PTO na rotaveta, propela inaurudisha kwenye PTO, PTO kwenye giaboksi, na giaboksi kwenye magurudumu. Injini umeitenga, lakini rotaveta sasa ndiyo inayoendesha trekta. Na ukiiinua hewani kwanza, kama anavyofanya kila dereva anayetaka kugeuka, inasukuma zaidi, maana hakuna tena udongo wa kuvizuia visu.

Kupima klachi yako ni kazi ya dakika kumi. Vua propela kabisa. Peleka trekta uwanja tambarare, mbele pasiwe na mtu wala mti. Washa injini kwa mwendo wa taratibu, tia PTO, tia gia ya kwanza, uondoke. Mtu wa pili asimame pembeni, mbali, aangalie ncha ya PTO huku wewe ukikanyaga pedeli polepole. Magurudumu yakisimama na ncha ikaendelea kuzunguka, una klachi mbili, na huenda marekebisho ya pedeli tu ndiyo yaliyopotea. Vikisimama vyote kwa pamoja, una klachi moja. Kwa maelezo yako nadhani utakuta moja.

Ukikuta moja, usilie. Kuna kipande kinachofungwa kati ya PTO na propela, kinachofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli: ukikanyaga pedeli linakwenda, ukiacha kukanyaga gurudumu linaendelea lenyewe bila kuizungusha miguu yako. Trekta litaisukuma rotaveta, lakini rotaveta haitaweza kulisukuma trekta. Ninakuomba usiingie tena shambani kabla ya kukifunga. Kinaongeza urefu, kwa hiyo propela itabidi ikatwe kidogo, vipande viwili vyote sawasawa, pamoja na mifuniko yake. Iache iingiliane vya kutosha hata pale rotaveta ilipo mbali zaidi na trekta, lakini isigote mwisho ikiinuliwa. Ikigota, itakayoumia ni bearing ya PTO, na hapo ndipo dereva wako atapata giaboksi ya kweli ya kufungua.

Hesabu na meno ya ncha. Ya 135 ni sita, unene wa inchi 1 na 3/8, kwa mizunguko 540 kwa dakika. Ferguson ndogo za kabla yake, zile TE20, zina ncha nyembamba ya inchi 1 na 1/8, na nimeona watu wakilazimisha. Propela yenye meno 21 ni ya mizunguko 1,000, hiyo si yako.

Sasa mabonge. Hapa namlaumu dereva, kwa mapenzi. Mkono wa PTO wa trekta lako una nafasi ya injini na nafasi ya kufuata mwendo wa magurudumu. Ukikaa kwenye hiyo ya pili, visu vinazunguka pole na havilimi kitu. Hakikisha uko kwenye injini. Kisha weka gia ya kwanza, ya chini kabisa, na upandishe mafuta mpaka PTO ifike 540. Saa ya mizunguko ya injini kwenye mengi ya haya matrekta ina alama yake. Pima mita 20 kwa kamba, chomeka vijiti, uangalie saa ya mkononi. Ukitumia sekunde 36, unakwenda kilomita 2 kwa saa. Ukitumia 18, unakwenda 4.

Tofauti hiyo ndiyo bonge lenyewe. Chukua rotaveta ambayo ekseli yake inazunguka mara 200 kwa dakika, na kila sahani ina visu vitatu vinavyokata upande mmoja. Kwa kilomita 2, kila kisu kinakata kipande cha sentimita 5 na nusu hivi. Kwa kilomita 4 kipande kinakuwa sentimita 11. Ndiyo maana matrekta ya kale yenye gia ya kwanza ya haraka yananyima raha kwenye rotaveta: ukipunguza mafuta ili litambae, na visu navyo vinapungua, kwa sababu vyote vinatoka injini moja. Wewe una bahati, 135 ina gia za chini. Zitumie.

Na usiipe rotaveta ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Udongo mwekundu wa Muheza ukikauka ni tofali. Lima kwanza kwa jembe la diski, mvua ya kwanza ya vuli ipite, ndipo uingize rotaveta. Kama shamba lilikuwa na mkonge, ng'oa visiki vyote. Nyuzi zinajisokota kwenye ekseli, zinafika kwenye sili, mafuta yanavuja, na hujui mpaka bearing ilie.

Sasa neno ambalo hutalipenda. Mita 1.8 ni kubwa mno. Injini yako ilipokuwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi 45 hivi, na zinazofika kwenye PTO ni pungufu ya hizo. Leo, baada ya miaka yote ile ya kuvuta matrela ya mkonge, pungufu tena. Mimi huhesabu farasi 30 kwa kila mita ya rotaveta. Ya kwako inataka 54. Hata ukiendesha vizuri, utaichosha klachi kabla ya msimu kwisha. Rudi kwa muuzaji, kwa upole na risiti mkononi, ubadilishe uchukue ya mita 1.2. Utaona haifuniki nyayo za magurudumu yote mawili. Isogeze upande mmoja mpaka ifunike gurudumu moja, na mkondo unaofuata utafunika unyayo uliobaki.

Akikataa kubadilisha, usikubali akate rotaveta ifupishwe. Afadhali umkodishe mwenye trekta la farasi 70, fedha ikirudi ununue ya saizi yako.

Na mfuniko wa propela, ule wa plastiki ambao madereva huutupa siku ya kwanza, usivuliwe. Mizunguko 540 kwa dakika ni tisa kwa sekunde. Shati likinaswa, hakuna mkono utakaowahi kulivuta. Dereva wako asishuke kwenye kiti PTO ikizunguka, hata kwa kung'oa jani moja.

SWALI: Fundi, nalima mpunga bonde la Ruvu, Bagamoyo. Rotaveta yangu ikiwa chini ni kimya, nikiiinua propela inagonga kwa kishindo. Nimebadilisha krosi mbili, vile viungo vya propela vinavyopinda, mwaka huu.

JIBU: Unaiinua juu mno, ndugu yangu. Krosi ikipinda sana inazunguka kwa mikupuo, inagonga, inakatika. Weka kizuizi kwenye mkono wa haidroliki ili visu vitoke kwenye tope kwa shubiri moja tu, na kabla ya kuvuka tuta, izime PTO kwanza. Halafu itazame propela ikiwa imefungwa: uma wa krosi ya mbele na uma wa krosi ya nyuma, ile miwili iliyo kwenye propela yenyewe, ielekee upande mmoja. Aliyekubadilishia krosi huenda aliirudisha imepishana jino. Ichomoe, igeuze, irudishe, na upake grisi kila asubuhi kabla ya kuingia majini.