Umempenda unayemchora? Maliza picha kwanza

Ndugu, unasema dada mwenye nazo wa Area D, hapa Dodoma, anakulipa umchore, umempenda, na kazi unairefusha makusudi ili aendelee kuja. Hapo ndipo unapoharibu. Rangi ya mafuta ukiirudiarudia ikiwa mbichi, uso unageuka tope, na kwa upepo wa Dodoma kiangazi, vumbi linanasa humo humo.

Mpe vikao vitatu, mapumziko kila dakika 20. Mikono na nguo malizia kwa kutazama picha ya simu. Salio la malipo chukua lote. Ukipunguza bei atajiona anadaiwa. Akishabeba picha yake, mwalike chai karibu na Nyerere Square, umwambie wazi, mara moja. Vanishi ya mwisho, ule mpako wa kulinda picha, husubiri miezi kama sita, basi isiwe kisingizio cha kumpigia kila wiki.