Nina grini kadi: je, nyumba zangu za Kisauni zinaihusu IRS, idara ya kodi ya Marekani?

SWALI: Assalaam aleikum, ndugu mhasibu. Mimi ni muuguzi, naishi Texas, na grini kadi niliipata 2021. Kisauni nina vyumba vinne nimepangisha. Pango linaingia benki ya Mombasa na wakala wangu hulipa kodi KRA. Nina akiba kwenye SACCO, na akaunti ya mama mimi ni mmoja wa watia saini. Anayenijazia ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwaka, aliniambia kwa kuwa sijawa raia, mali ya nyumbani haiihusu IRS. Sasa benki imenitumia fomu ya kuuliza kama nalipa kodi Marekani. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Fomu ya benki ijaze kwa ukweli na uirudishe. Chimbuko lake ni FATCA, sheria ya Marekani ya 2010 inayozitaka benki za nje ziwatambue walipa kodi wa huku. Na aliyekuambia habari ya uraia amekupotosha. Tangu upate grini kadi wewe ni mkaazi kwa hesabu ya kodi, na mkaazi hutangaza mapato yake yote, ya Texas na ya Kisauni, sawa na raia.

Kila msimu wa ritani nakutana na haya maneno ya "wewe si raia", na najua yanakotoka. Wengi wetu tuliingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Mwenye F-1 kwa kawaida siku zake hazihesabiwi katika ukaazi wa kodi kwa miaka mitano ya kalenda. Anajaza Fomu 1040-NR, ritani ya asiye mkaazi, na pango la Mombasa halimo. Kwake ni kweli. Kisha anapata kazi, viza inabadilika, lakini kichwani bado ni yule mwanafunzi. Hata asiye na grini kadi hunaswa na hesabu ya siku: siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana, na sudusi ya siku za mwaka juzi. Zikifika 183, na mwaka huu amekaa angalau siku 31, basi ni mkaazi. Uhamiaji wana majina yao ya viza; IRS wanahesabu siku.

KRA kulipwa hakuifungi IRS. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, kwa hiyo nafuu ya kodi uliyokwisha kulipa Kenya huombwa kwa Fomu 1116, nayo ina masharti makali kwa kodi inayotozwa pango ghafi bila kutoa gharama. Usiitegemee kabla haijapigiwa hesabu. Lakini kwenye ritani ya Marekani unatoa matengenezo, malipo ya wakala, bima na uchakavu wa jengo, na mara nyingi faida inayobaki ni ndogo sana. Nimeona watu wakificha miaka mingi pango ambalo kodi yake isingefika hata nauli ya kwenda Mombasa.

Kinachoumiza ni FBAR, taarifa ya akaunti za nje. Jumla ya kiasi cha juu kabisa kilichofikiwa na kila akaunti ikizidi dola 10,000 mwaka huo, unaripoti zote. Ni jumla, si akaunti mojamoja. SACCO imo. Akaunti ya mama imo pia, hata kama hamna senti yako, kwa sababu saini yako inaweza kutoa pesa. Mweka hazina wa chama naye yumo. Kwa aliyekosa bila makusudi, sheria iliweka faini ya hadi dola 10,000, na kiwango hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Mwaka 2023, katika kesi ya Bittner, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua faini hiyo ni kwa ripoti ya mwaka, si kwa kila akaunti.

Kwa hiyo usianze kutangaza pango kimyakimya mwaka huu ukaiacha miaka ya nyuma. IRS ina utaratibu wa kujirekebisha kwa aliyekosea bila makusudi: ritani tatu za karibuni zinasahihishwa, FBAR za miaka sita zinawasilishwa, na unalipa asilimia 5 ya thamani ya mali za kifedha zinazohusika. Mlango huo hufungwa wakianza kukukagua. Omba taarifa za benki na za SACCO wiki hii, na umwone mhasibu aliyesajiliwa au wakili wa kodi.

Kabla hujaenda, toa ritani zako uangalie sehemu mbili. Mwezi uliopita kaka mmoja aliniletea ritani saba kwenye bahasha ya kaki. Pa saini ya mtayarishaji palikuwa patupu, pamechapwa kwamba amejijazia mwenyewe, ilhali alimlipa mtu kila mwaka. Kwenye Jedwali B, panapoulizwa kama una akaunti nje ya nchi, kisanduku cha "Hapana" kilikuwa na alama mara saba, na kwenye ritani kuna saini yake kwamba yote ni kweli. Hakuwa amekisoma hata mara moja. Kumweleza mkaguzi sasa kwamba hakujua ni kazi ngumu, na atakayeulizwa ni yeye.

Anayelipwa kujaza ritani lazima awe na PTIN, namba ya mtayarishaji inayotolewa na IRS, na atie saini yake. Anayekataa kutia saini, au anayedai asilimia ya pesa utakazorudishiwa, chukua karatasi zako uondoke.