Weka hiyo chupa chini, ufungue kiti cha nyuma kwanza

Usimimine. Kama umeshamimina, usiwashe. Na kama umeshawasha uko njiani, geuza urudi polepole, Mungu akusitiri.

Nimesoma swali lako mara mbili na tumbo likanikata. Probox la marehemu mjomba wako limekaa uani Shella tangu mwaka jana, na robo tanki ndani yake (Shella ya Malindi, maana ungekuwa ile ya Lamu ungekuwa na punda na haya yote yasingekupata). Umetia betri mpya, linawaka, lakini asubuhi linatetemeka na kumisi. Muuza spea kakwambia nozeli, vile vidomo vinavyopuliza petroli kwenye injini, zimeziba: tia chupa mbili za dawa ya kusafisha na moja ya kuongeza okteni, kisha "lifungulie njia ndefu lijisafishe lenyewe". Nawe unataka kulifungulia mpaka Mokowe, kule upande wa Lamu, Ijumaa, watoto wakiwa ndani. Unauliza kama dawa hizi zinasaidia kweli, ipi ni nzuri, kama ni afadhali kununua petroli ya bei ya juu, na kama tuktuk yako nayo itiwe.

Dawa ya kweli ipo, inafanya kazi, na ndiyo iliyonitia mimi hasara.

Mwaka 2021 nilinunua Corolla kwa jirani huku Maweni. Injini 1NZ ya Toyota, ile ile ya Probox nyingi. Lilikuwa limelala chini ya mwembe miezi kumi na minane, mwenyewe yuko Uarabuni. Nililipata rahisi nikajiona mjanja. Kasoro ilikuwa moja tu: likisimama kwenye taa au pale sokoni, linatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikaenda dukani kununua plagi. Yule bwana wa kaunta akaniuliza gari lina nini, nikamweleza, akatabasamu. Ningeliijua bei ya tabasamu lile ningepita kwa mguu hadi duka la pili.

Akanitolea simu, akanionyesha video ya pistoni nyeusi kama chungu inatiwa dawa na kutoka nyeupe kama sahani ya arusi. "Tia moja utaona tofauti," akasema. "Tia mbili ndio matibabu. Lakini kwa gari lililolala, bosi wangu, tatu." Chupa moja shilingi 1,150. Akanipa ya nne bure kwa kuwa mteja mzuri. Fundi wangu wa wakati ule alikuwa amesimama pale pale, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye nilikuja kujua kuwa alikuwa na chake katika kila chupa.

Kabla hamjaanza kunicheka: mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuzidisha na kugawanya. Lebo ilisema kwa herufi za sisimizi kwamba chupa moja ni ya lita 60 za petroli. Mimi nilimimina tatu kwenye lita kama 12. Ipige hesabu mwenyewe, ni mara 15 ya kipimo. Kazini nikikuta kosa kama hilo kwenye vocha namwandikia mtu barua.

Sasa sikiliza kilichomo ndani ya tanki la gari lililolala, kwa sababu wauza chupa hawakwambii. Petroli si maji ya kisima, haikai. Sehemu yake nyepesi inaruka, na hii ndiyo inayosaidia gari kuwaka asubuhi. Inayobaki inakutana na hewa, tena kwa joto letu hili, inageuka pole pole kuwa ulimbo. Ndio, ulimbo kama ule wa kunasia ndege. Unagandia kuta za tanki na sakafu yake. Humo humo kuna vumbi lililoingia miaka yote, na maji kidogo yaliyotokana na unyevu wa bahari, na maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo hulala chini kabisa, pale pale pampu inaponyonya. Uchafu huo ukitulia haukudhuru. Umejikalia zake.

Halafu unakuja wewe na sabuni. Maana dawa hizi, zile za kweli, ni sabuni hasa: upande mmoja wa chembe yake unashika uchafu, upande wa pili unayeyuka ndani ya petroli, wanaondoka pamoja. Ndivyo inavyosafisha nozeli. Lakini dawa haifiki kwenye nozeli kwanza. Inaanza tangini. Inaubandua ule ulimbo vipande vipande, na vipande vyote vina njia moja tu ya kupita: kile kisoksi cha wavu kinachovishwa mdomo wa pampu, kisha filta.

Nilimimina Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi nilikuwa nampeleka mkwe wangu arusini Garsen. Mama mkwe, sio baba mkwe. Kavaa leso mpya, kapakata sinia la halua lililofungwa kitambaa. Tukavuka daraja la Sabaki gari limekuwa jepesi, halitetemeki, na mimi mjinga nikaanza kumhubiria mkwe mambo ya nozeli. Mambrui tukapita salama. Gongoni, pale kwenye mashamba ya chumvi, nikataka kuipita lori. Nikakanyaga, gari likakohoa. Nikaachia, likatulia. Nikakanyaga tena, likakohoa zaidi. Nikawa naenda sitini, likienda vizuri, nikitaka sabini linakabwa koo. Hiyo ndiyo dalili ya filta iliyoziba, kaitie kichwani: moto mdogo linanguruma sawa, ukilidai nguvu halina, kwa sababu mafuta yanayopita yanatosha kusimama, hayatoshi kukimbia. Mimi wakati ule nilidhani dawa "inafanya kazi". Nikazidisha mwendo ili iishe haraka.

Mbele ya Marereni likazima kabisa. Saa sita mchana. Hakuna mti ila vichaka vya kimo cha mbuzi. Nikafungua boneti, nikaitazama injini kama mtu anayetazama kaburi. Mkwe wangu hakusema kitu kwa muda wa dakika ishirini, na mnaojua wakwe wa Pwani mnajua ukimya ule. Mwishowe akauliza kwa upole sana, "Mwanangu, gari lako hupumzika hapa kila safari?"

Yeye alipata matatu, akaenda na sinia lake. Mimi nilivutwa na lori la chumvi kurudi Malindi, shilingi 6,500.

Ungedhani mkasa umeishia hapo. Yule fundi mwenye chake akasema ni koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Nikanunua koili mbili za mtumba, 5,000. Likawaka (kwa sababu lilikuwa limepoa na uchafu umetulia kidogo, si kwa sababu ya koili), akachukua hela, akaniambia ule mlio wa nyuma unaolia kama mbu niupuuze. Sauti ile ilikuwa pampu. Pampu ya tangini hupozwa na petroli ile ile inayoipitisha. Ukiiziba mdomo inanyonya kwa nguvu, inapata joto, inajichoma. Siku ya nne ikafa mbele ya soko, nyuma yangu tuktuk kumi na tano zikipiga honi.

Hapo ndipo nilipompata mzee mmoja fundi, ambaye hakuuliza nimetia nini. Aling'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akaitoa pampu akaiweka juu ya gazeti. Kile kisoksi, ambacho hutakiwa kuwa cheupe au rangi ya maziwa, kilikuwa kimepakwa kitu cheusi chenye kung'aa, kinavutika kikiguswa na bisibisi. Kama sukari guru iliyoungua sufuriani. Mzee akakinusa, akanitazama, akasema, "Umempa mgonjwa haluli kabla ya kumfungulia mlango wa choo." Sijapata maelezo ya kitaalamu yaliyoshinda hayo.

Pampu 8,800. Kisoksi na filta 2,800. Ufundi, pamoja na kulikamua na kulisafisha tanki, 2,000. Jumlisha na chupa na lori na koili: 28,550. Na ule mtetemo uliotupeleka kote huko? Mpira wa hewa baina ya boksi la filta ya hewa na injini ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali usipoona bila kuukunja. Injini ilikuwa inavuta hewa isiyohesabiwa na sensa. Shilingi 350.

Nilirudi dukani. Nilikwenda nimejiandaa kama wakili. Bwana akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bosi, wewe ulikosea kipimo." Nikamwambia kipimo ulinipa wewe. Akasema, "Mimi nilikushauri tu." Mpaka leo nikipita pale naangalia upande wa pili wa barabara, si kwa hasira, ni kwamba naogopa nitanunua kitu.

Kwa hiyo: filta kabla ya chupa. Sijali chupa gani, sijali nani kakwambia. Filta kabla ya chupa. Lako limelala zaidi ya mwaka, kwa hiyo kabla hata ya kulitia petroli mpya, likamuliwe ile ya zamani. Kisha fungua chini ya kiti cha nyuma, utoe pampu, uangalie kisoksi kwa macho yako, sio kwa macho ya fundi. Fanyieni nje, penye upepo, betri imetolewa waya, na asiwepo mvuta sigara hata yule mjuzi wa mtaa. Kabla ya kutoa waya wa betri, chomoa soketi ya pampu huku gari linawaka, liache lizime lenyewe, ndipo presha kwenye mpira inashuka na hutarushiwa petroli usoni. Mimi nilirushiwa. Hiyo hadithi siisimulii.

Halafu huo mtetemo wako utafutiwe sababu kama watu wenye akili: plagi zitolewe zitazamwe, koili zibadilishwe nafasi uone kama kumisi kunahama, mipira ya hewa ikunjwe, kompyuta ya kusomea hitilafu ichomekwe. Nozeli chafu zipo, sikatai, ila hakuna aliyeziona zako. Kaziona kwenye video.

Ukishamaliza hayo na bado unaitamani chupa, tia moja, tanki likiwa limejaa, basi. Tafuta iliyoandikwa ina polietheramini, kwa kifupi PEA. Hiyo ndiyo inayostahimili joto la ndani ya injini na kung'oa kaboni. Nyingi za bei rahisi, ukisoma karatasi zake, ni viyeyusho ndugu wa mafuta ya taa na dawa kidogo ya kutilia jina. Na mafuta ya taa, kwetu Kenya, serikali iliyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili watu waache kuyachanganya na mafuta ya magari. Sasa wewe unataka kuyanunua kwenye chupa nzuri uyachanganye mwenyewe.

Mwenye injini ya D4 au yoyote inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ajue dawa ya tangini haifiki kabisa kwenye kaboni ya vali za kuingiza hewa, kwa sababu petroli haipiti hapo. Lako si hilo, linapuliza nyuma ya vali, nimelisema kwa wanaopita.

Ile ya okteni mrudishie. Okteni si nguvu, ni uvumilivu wa petroli isijilipue kabla ya wakati wake. Injini iliyoundwa kwa petroli ya kawaida haina habari nayo. Nyingine zina manganizi, aina ya madini, inayobaki kwenye plagi na kuchafua sensa za moshi. Tena hadithi ya kuongeza okteni kwa chupa ni ya zamani: mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani waligundua kuwa risasi, ile madini, inazuia injini kugonga. Ikasifiwa dunia nzima. Ilichukua mpaka Januari 2006 kuiondoa kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara, baada ya kuwatia sumu watoto wangapi Mungu ndiye ajuaye. Nao walikuwa na matangazo mazuri pia.

Petroli ya bei ya juu nitakujibu nikipata nafasi. La tuktuk nimelisahau ulivyoliuliza, na simu yangu inakata moto.

Ijumaa usiende. Alhamisi baada ya magharibi niko Shella kwa dada yangu, nitakuja na bisibisi na ile chupa ya nne ya bure, ambayo wanangu huitumia kuondolea gundi ya stika kwenye friji. Kwa kazi hiyo, wallahi, haina mfano.