LUKU moja, milango mitatu: nani anunue umeme?

Pole dada. Umesema mko wapangaji watatu kwenye ghorofa huko Sinza, LUKU moja, na jirani mwenye friji anang'ang'ania mchange sawa kwa sawa wakati wewe una taa mbili na chaja ya simu. Hiyo si haki, ila usianze kwa kumwita mwizi, maana ndiye utakayemgongea siku gesi imekuishia.

Nenda na hesabu. Wati 1,000 zikiwaka saa nzima ni uniti moja. Taa ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kuimaliza uniti hiyo. Friji usiionee sana, mota yake inawaka na kuzima. Pasi, jiko la koili na jagi la umeme ndivyo vinavyokula. (Mimi jagi ndilo nalishuku. Watu wanachemshia hadi maji ya kuoga.) Chungulia kibandiko cha kila chombo, wati zimeandikwa.

Dawa hasa ni mita ndogo kwa kila mlango, ifungwe na fundi mwenye leseni, na mwenye nyumba akubali kwanza. Kila tarehe mosi mnasoma namba pamoja, kila mtu analipa zake. Kwa sasa mchange kulingana na vyombo, na kila anayenunua atume zile tarakimu 20 za tokeni kwenye grupu la WhatsApp, ili mita ikianza kulia saa nne usiku asiwepo wa kujifanya kalala.