Gugu maji, vizimba na picha za satelaiti: naweza kuzipata bure?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nafuga sato kwenye vizimba Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Kinachonikosesha usingizi ni gugu maji. Unalala maji yako safi, unaamka vizimba vimezingirwa, mtumbwi haupiti na samaki wanahema juu juu. Kijana mmoja wa hapa mwaloni aliyesomea mambo ya ramani ameniambia kwamba Brazil kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa anga za juu inayogawa picha za satelaiti bure. Je, na mimi wa huku naweza kuzipata? Zitanionyesha gugu linatokea wapi kabla halijanifikia? Na zinaweza kunionyesha hewa ya maji ikipungua, maana hapo ndipo samaki wanapokufa?

JIBU: Nzuri dada, na pole kwa adha ya gugu. Huyo kijana amekwambia kweli. Taasisi anayoisema inaitwa INPE, makao yake yako São José dos Campos katika jimbo la São Paulo, na mwanzo wake ni mwaka 1961. Picha za satelaiti zake ilianza kuzigawa bure mwaka 2004. Kwa vizimba vyako, hata hivyo, zipo picha nyingine za bure zinazokufaa zaidi, na nitakueleza kwa nini. Ila kwanza nikae kidogo na hao Wabrazili, kwa sababu kule kuna kitu ambacho sisi watu wa ziwa hili tunakihitaji kuliko hata picha zenyewe.

Wengi wakisikia taasisi ya anga za juu wanawaza roketi. INPE ina satelaiti, ndiyo. Kwa ubia na China imekuwa ikirusha satelaiti za CBERS tangu 1999, na Februari 2021 ikapaa Amazonia-1, iliyobuniwa na kuundwa Brazil kwenyewe na kurushwa kwa roketi ya India. Lakini mwananchi wa kule anaijua taasisi hiyo kwa kazi za kila siku. Tangu 1988 inapima kila mwaka ni msitu kiasi gani wa Amazon umefyekwa. Hesabu ya mwaka ina thamani yake, ila ikitoka miti imeshalala. Ndiyo maana mwaka 2004 wakaanzisha mfumo wa pili, DETER, unaotazama picha mpya mfululizo na kupeleka taarifa kwa wakaguzi wa mazingira: mahali fulani, kwenye alama hizi za ramani, msitu umeanza kukatwa. Mkaguzi hafundishwi kusoma picha. Anapewa mahali pa kwenda.

Wana pia huduma ya kutambua mioto ya mashamba na misitu kwa joto linaloonekana kutoka juu, na kituo cha utabiri wa hali ya hewa kilichoanza 1994. Mimi binafsi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya visanduku vya mtoni. Kwenye kingo za mito iliyo mbali, ambako mnara wa simu haupo, wanafunga kisanduku chenye paneli ndogo ya sola, antena, kipimo cha kina cha maji na kipimo cha mvua. Kisanduku kinatuma ujumbe wake mfupi kuelekea angani. Satelaiti ndogo iitwayo SCD-1, iliyorushwa Februari 1993, ikipita inaudaka na kuushusha kwenye kituo cha kupokelea, na wahusika wanajua mto umepanda kiasi gani. Hakuna picha ya kuvutia hapo, ni namba chache tu, lakini namba hizo ndizo zinazowasaidia watu kuhama kabla mafuriko hayajafika. Fikiria visanduku vya namna hiyo kwenye Mto Simiyu na mito mingine inayomwaga ziwani, taarifa zake zikafika kwa wenye vizimba kwa ujumbe wa simu. Teknolojia yenyewe ina zaidi ya miaka 30.

Sasa turudi ghubani kwako. Kwa nini sikupeleki kwenye picha za Brazil? CBERS-4A ina kamera inayoona kitu cha mita 2, kali sana, ila kamera hiyo hurudi juu ya sehemu ileile baada ya siku 31. Gugu halikusubiri siku 31. Amazonia-1 hupita kila baada ya siku kama 5, lakini kidoa kimoja cha picha yake kina upana wa mita 60 hivi, kwa hiyo zulia la gugu lenye ukubwa wa uwanja wa mpira linakuwa vidoa viwili tu. Zote mbili zimewekwa huko kwa mahitaji ya Brazil, na kwa mahitaji hayo zinafaa. Wewe tumia satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa 2015. Kidoa chake ni mita 10 kwa mita 10, na satelaiti mbili zikifanya kazi kwa pamoja unapata picha kila baada ya siku 5. Ni bure kwa mtu yeyote duniani, unajisajili kwa barua pepe tu.

Ingia kwenye tovuti ya Copernicus Browser, ambako picha hizo za Sentinel hutazamwa. Kwa simu inafunguka, ila kwa kompyuta inasomeka vizuri zaidi, na huyo kijana wako atakusaidia siku ya kwanza. Sogeza ramani hadi Mwanza, kisha shuka kusini kufuata ghuba mpaka uone mstari mwembamba ulionyooka kukatiza maji: hilo ni daraja la Kigongo–Busisi. Litumie kama alama yako, ukilipata hupotei tena. Chagua tarehe zenye mawingu machache. Usipakue faili zima, maana moja linafunika kilomita 100 kwa 100 na litakumalizia bando. Tazama hapohapo kwenye tovuti na uhifadhi kipande chako tu.

Halafu badilisha rangi. Kwa rangi za kawaida gugu na maji ya kijani vinachanganya macho. Chagua mpangilio wa rangi unaotumia infraredi, mwanga ambao jicho letu haliuoni. Jani bichi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, maji huumeza. Kwa hiyo ziwa linakuwa jeusi, na kila chenye majani kinawaka nyekundu. Mara ya kwanza utashtuka, kwa sababu ukingo mzima wa ghuba utakuwa mwekundu na utadhani umevamiwa. Mengi ya hayo ni mafunjo, matete na mashamba. Ujanja wa kuyatenganisha ni kufungua picha mbili, ya leo na ya siku 5 au 10 nyuma. Mafunjo yaliyoota ukingoni yatabaki palepale. Wekundu uliohama, au uliojitenga na ukingo ukawa na umbo la ulimi au michirizi katikati ya maji, hilo ndilo gugu linaloelea, na pale ulipoanzia ndipo lilipokuwa limejificha.

Swali lako la pili, kuliona kabla halijakufikia, linahitaji nikujibu kwa uangalifu. Picha haitakwambia kwamba gugu litafika kesho. Satelaiti inapita ghuba yako mara moja, saa tano asubuhi na kitu, na upepo wa usiku mmoja unaweza kulihamisha zulia zima. Kinachowezekana, na ndicho chenye faida, ni kujua maficho. Gugu hukaa na kuzaliana kwenye vighuba vilivyokingwa na upepo na kwenye midomo ya mito inayoleta udongo na mbolea kutoka mashambani na majitaka kutoka mitaani, kisha upepo ukigeuka vipande vinakatika na kusafiri. Pitia picha za mwaka mzima za ghuba yako, mbili kwa kila mwezi zinatosha. Utaanza kuona vighuba vilevile vikijaa tena na tena. Viandike majina wanayoyaita wavuvi. Siku upepo ukivuma kutoka upande wa kighuba kilichojaa, tuma mtu wa mtumbwi akaangalie kabla giza halijaingia. Hiyo ndiyo tahadhari yako, na inafanya kazi kwa sababu umeunganisha picha na upepo unaoujua wewe mwenyewe kwa kukaa hapo.

Mipaka mingine uijue. Kizimba kimoja cha mita 6 kwa 6 ni kidogo kuliko kidoa kimoja, kwa hiyo usikitafute, ingawa safu ya vizimba vingi utaiona kama madoa hafifu. Kipande cha gugu cha ukubwa wa chumba nacho kitapotea. Utando mzito wa mwani wa kijani ukielea juu ya maji nao unaweza kuwaka kwenye infraredi, na hapo ni lazima mtu aende kuangalia. Msimu wa mvua mawingu yatakukatisha tamaa, utapata picha tano mfululizo nyeupe tupu. Kwa siku hizo kuna Sentinel-1, inayotumia rada. Rada haijali wingu wala giza: maji yaliyotulia yanaonekana meusi, zulia la gugu linaonekana jeupe kwa sababu ya majani yaliyosimama. Tatizo lake ni kwamba maji yakichafuka kwa upepo nayo hung'aa, kwa hiyo isome baada ya kuzoea ile ya kwanza.

Kuhusu dhoruba hukuuliza, nami sipiti bila kusema, kwa kuwa vijana wako wanalala kwenye vizimba. Ziwa Victoria hupata mvua zake kali za radi hasa usiku na alfajiri, kwa sababu usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani na mawingu yanajengeka juu ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada hapa Mwanza na hutoa utabiri wa ziwa hili. Tafadhali usifanye picha za gugu kuwa mbadala wa utabiri huo. Ni vitu viwili tofauti.

Unaweza kujiuliza kwa nini mfugaji afanye yote haya peke yake. Una haki ya kuuliza hivyo. Picha zipo bure, na hapahapa Mwanza kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, chenye watu wanaolijua ziwa. Kazi iliyobaki ni ile waliyoifanya Wabrazili kwa msitu: mtu aajiriwe kufungua picha kila inapotoka, aweke alama penye gugu, na taarifa ifike kwenye mialo kwa Kiswahili, ikiwa na jina la mahali na si namba za ramani. Haihitaji roketi. Nakushauri, ukikusanya picha zako za mwaka mmoja, wewe na wenzako wenye vizimba mzipeleke pamoja kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Ramani inayoonyesha kighuba kilekile kimejaa miezi sita ni hoja ambayo ofisi inaweza kuifanyia kazi.

Sasa hewa ya maji. Hapana, dada, satelaiti haioni oksijeni. Inaweza kukuonyesha dalili, yaani maji yaliyogeuka kijani kizito au zulia la gugu lililokaa muda mrefu na kuanza kuoza, lakini kipimo chenyewe hakitoki angani. Oksijeni hushuka zaidi mwisho wa usiku, kwa kuwa mwani na kila chenye uhai majini vimevuta hewa usiku kucha bila jua la kutengeneza nyingine, na majani yanayooza yanaimaliza kabisa. Nunua kipima oksijeni cha mkononi, hata kwa kuchangiana watu wanne. Sato anakua vizuri ikiwa miligramu 5 kwa lita na kuendelea. Ikishuka chini ya 3, usilishe siku hiyo mpaka ipande, na ondoa gugu lililogusa nyavu kabla ya kitu kingine chochote. Pima alfajiri kabla jua halijachomoza, kwanza karibu na uso wa maji, kisha chini kabisa ya kizimba, na uandike zote mbili.